Ini Bandia na Hesabu ya Nukuu: Tusomeje Habari za Utafiti wa Tiba?

Katika moja ya jumuiya ndogo ndogo tunazozitembelea huko Mbagala tuliwahi kuombwa ushauri ambao hatukuwa tumejiandaa kuutoa. Kijana wa familia moja, dereva wa bodaboda aliyezaliwa miaka ya 1990, alikuwa amelazwa hospitalini kwa wiki ya tatu. Macho yake yalikuwa ya njano, tumbo limejaa maji, na usiku alikuwa akiweweseka. Madaktari walikwisha kuieleza familia kwamba ini lake limejaa makovu kutokana na homa ya ini aina ya B, ambayo alikaa nayo miaka mingi bila kujua.

Siku hizo hizo ndugu yao mmoja anayeishi nje ya nchi alituma makala ya kisayansi kwenye kundi la WhatsApp la familia. Ilihusu ini bandia, yaani mashine inayojaribu kufanya kazi ya ini nje ya mwili wa mgonjwa. Chini ya kichwa cha makala paliandikwa kwamba imenukuliwa zaidi ya mara mia tano. Baba mdogo wa mgonjwa alitushika mkono akatuuliza: "Mafrateri, nyie mnasoma sana. Kitu kilichokubaliwa na wataalamu mia tano kinaweza kuwa uongo? Tuuze kile kiwanja cha Chamazi tumpeleke nje?"

Hatukuweza kumjibu siku ile. Tuliomba muda, tukaisoma makala yenyewe, tukawauliza wanaojua zaidi yetu. Haya tunayoyaandika leo ni matunda ya kazi hiyo. Tumeona tuyaweke hapa kwa sababu swali la baba mdogo yule linaulizwa katika nyumba nyingi, Temeke hadi Kinondoni, kila familia inaposhika simu kutafuta tiba ya mgonjwa wao.

Kwa nini ini ni gumu kuliko figo

Wakazi wengi wa Dar es Salaam wanafahamu huduma ya kusafisha damu kwa wagonjwa wa figo. Damu hutolewa mwilini, hupitishwa kwenye utando wenye vitundu vidogo mno, uchafu hupenya kuingia kwenye maji maalumu yaliyo upande wa pili, kisha damu hurudishwa mwilini. Daktari Mholanzi, Willem Kolff, alitengeneza mashine ya kwanza ya namna hiyo mwaka 1943, wakati wa vita. Leo mtu ambaye figo zake zimekufa kabisa anaweza kuishi miaka kadhaa kwa mashine, akisubiri kupandikizwa figo au hata bila kupandikizwa. Hapa nchini, Hospitali ya Taifa Muhimbili ilifanya upandikizaji wake wa kwanza wa figo mwezi Novemba 2017.

Ni rahisi basi kudhani kwamba kilichowezekana kwa figo kitawezekana kwa ini. Lakini ini ni zaidi ya chujio. Ni chujio, ghala na kiwanda kwa pamoja. Hutengeneza protini iitwayo albumini inayozuia maji ya damu yasivuje kuingia tumboni na miguuni. Hutengeneza protini za kugandisha damu, ndiyo maana mgonjwa wa ini huvuja damu ovyo. Hutunza sukari na kuitoa mwili unapohitaji. Hugeuza amonia, sumu inayotokana na usagaji wa protini, kuwa urea ambayo figo huitoa kwa mkojo. Amonia ikizidi hufika kwenye ubongo, na hapo ndipo mgonjwa huanza kuweweseka na kuchanganya usiku na mchana.

Kuna ugumu mwingine. Sumu nyingi zinazoondolewa na ini haziyeyuki vizuri kwenye maji, bali hung'ang'ania albumini iliyo ndani ya damu. Ukizipitisha kwenye mashine ya figo, hazichomoki. Kwa sababu hiyo watafiti walifuata njia mbili.

Njia ya kwanza ni kuweka albumini upande wa pili wa utando, ili sumu ihame kutoka albumini ya mgonjwa kwenda albumini ya mashine. Mashine maarufu ya aina hii huitwa MARS, na chanzo chake ni kazi ya Jan Stange na Steffen Mitzner wa Rostock, Ujerumani, iliyoanza kuchapishwa mwaka 1993. Njia ya pili ni kuweka seli hai za ini ndani ya mashine, ili zifanye kazi ya kiwanda pamoja na kuchuja. Wapo waliotumia seli za ini la nguruwe, na wapo waliotumia seli za binadamu zilizotokana na uvimbe wa saratani ya ini, kwa kuwa hizo huongezeka kwa urahisi maabara.

Hakuna hata moja kati ya mashine hizi inayokaa mahali pa ini moja kwa moja. Zote zimekusudiwa kuwa daraja. Zimshikilie mgonjwa kwa siku kadhaa mpaka ini lake lenyewe lipone, kwa kuwa ini lililoumia ghafla linaweza kuota upya, au mpaka apatikane mtu wa kumpa ini. Upandikizaji wa ini ulijaribiwa kwa binadamu kwa mara ya kwanza na Thomas Starzl huko Denver, Marekani, mwaka 1963, na hadi leo ndiyo tiba ya mwisho kwa ini lililokwisha kufa. Daraja lina maana pale tu palipo na ng'ambo ya kufika.

Nukuu ni nini, na nani alianza kuzihesabu

Sasa tuje kwenye zile nukuu mia tano. Mtafiti anapoandika makala huorodhesha makala za wenzake alizozitumia. Kila makala inapotajwa katika orodha ya namna hiyo huhesabiwa kuwa imenukuliwa mara moja. Makala ikitajwa na makala nyingine mia tano, husemwa ina nukuu mia tano.

Lakini kutajwa si kuungwa mkono. Mtafiti anaweza kuitaja makala kwa sababu ameikubali, au kwa sababu anaipinga. Anaweza kuitaja kueleza historia ya jambo, au kuonyesha mbinu aliyoifuata, au kwa mazoea tu kwa sababu kila mmoja huitaja. Ni sawa na jina la mtu kutajwa kwenye kikao cha ukoo. Kutajwa mara nyingi kunaonyesha kwamba ana jambo linalozungumzwa, ila hujui kama anasifiwa au anasemwa mpaka usikilize maneno yenyewe.

Aliyeanzisha hesabu hii kwa upana wake ni Eugene Garfield wa Philadelphia, Marekani. Mwaka 1964 taasisi yake ilitoa faharasa kubwa ya nukuu za kisayansi. Lengo lake la awali lilikuwa la mkutubi: kumsaidia msomaji aliyepata makala moja nzuri kujua ni nani wengine waliendeleza wazo hilo baadaye. Kwa kazi hiyo faharasa ni chombo cha thamani kubwa, na sisi wenyewe tuliitumia njia hiyo kufuatilia makala ya baba mdogo.

Baadaye chombo cha kutafutia kikageuka kuwa mizani ya kupimia watu. Majarida yalianza kupangwa kwa wastani wa nukuu. Jarida lililochapisha makala 100 katika miaka miwili iliyopita, makala hizo zikanukuliwa mara 300 mwaka huu, hupewa alama 3. Mwaka 2005 mwanafizikia Jorge Hirsch akapendekeza alama ya mtafiti mmoja mmoja: mwenye alama 20 ni yule mwenye makala 20 ambazo kila moja imenukuliwa angalau mara 20. Alama hizi zikaanza kutumika katika kutoa ajira, vyeo na fedha za utafiti. Mwishoni mwa mwaka 2012 kundi la wanasayansi waliokutana San Francisco waliandaa tamko la kuzitaka taasisi ziache kumpima mtafiti kwa alama ya jarida alimochapisha, badala yake zisome kazi yenyewe. Kama wanasayansi walihitaji kukumbushana hivyo, si ajabu familia ya Mbagala nayo ikachanganywa na namba.

Makala ziliongezeka, majibu yakachelewa

Ukipanga machapisho kuhusu ini bandia kwa miaka, unaona mwendo unaoeleweka. Miaka ya 1950 na 1960 kuna makala chache za madaktari waliojaribu kuwasafisha damu wagonjwa wa ini kwa mashine ya figo, au kupitisha damu ya mgonjwa kwenye ini la nguruwe lililo nje ya mwili. Miaka ya 1990 makala zinaongezeka kwa kasi: mashine za albumini zimefika, na seli hai zinaweza kutunzwa kwenye mirija. Karibu kila taarifa ya wakati huo inaeleza wagonjwa wachache, na nyingi zina matumaini. Kisha yakaja majaribio makubwa, ambamo wagonjwa hugawanywa kwa kura. Kundi moja hupata mashine juu ya huduma ya kawaida, na jingine hupata huduma ya kawaida peke yake.

Hapo matumaini yalipungua. Mwaka 2004 jaribio la mashine ya seli za nguruwe lililofanyika katika vituo 20 vya Marekani na Ulaya lilitoa taarifa ya wagonjwa 171. Baada ya siku 30, waliokuwa hai katika kundi la mashine walikuwa asilimia 71, na katika kundi la kulinganisha asilimia 62. Tofauti inaonekana, lakini kwa idadi hiyo ya wagonjwa ilikuwa ndogo mno kuondoa uwezekano kwamba imetokea kwa bahati. Mwaka 2012 jaribio la mashine nyingine ya albumini, kwa wagonjwa 145, halikuonyesha tofauti ya jumla ya uhai. Mwaka 2013 jaribio la MARS kwa wagonjwa 189 wenye makovu ya ini yaliyozidiwa ghafla lilikuta karibu asilimia 61 upande mmoja na asilimia 59 upande wa pili baada ya siku 28. Mashine ya seli za binadamu nayo ilishindwa kuonyesha faida katika majaribio yake makubwa, matokeo yakitangazwa mwaka 2015 na tena mwaka 2018.

Jibu lililo bora zaidi lilitoka kwenye njia nyepesi. Mwaka 2016 watafiti wa Ulaya walichapisha jaribio la wagonjwa 182 ambao ini lao lilishindwa ghafla. Baadhi yao waliondolewa maji ya damu, yaani plazma, na kuwekewa plazma ya wachangiaji kwa wingi kwa siku tatu. Waliotoka hospitalini wakiwa hai walikuwa karibu asilimia 59, dhidi ya asilimia 48 ya wenzao. Njia hii haihitaji seli za mnyama wala utando wa ajabu. Inahitaji kitengo cha wagonjwa mahututi, mashine ya kutenganisha damu, na plazma nyingi iliyo salama kutoka benki ya damu. Neno hilo la benki ya damu tutalirudia.

Utaona basi kwamba wingi wa makala haukwenda sambamba na uponyaji. Na makala zilizoeleza majaribio yaliyoshindwa ni miongoni mwa zinazonukuliwa sana katika fani hii, kwa sababu kila anayeanza utafiti mpya lazima aeleze kwa nini waliotangulia hawakufanikiwa.

Makala ya baba mdogo, tulipoifungua, ilikuwa ni ile ya mwaka 2004 ya wagonjwa 171. Wale "wataalamu mia tano" walikuwa wakirejea jaribio ambalo kwa jumla halikuthibitisha kwamba mashine inaokoa maisha.

Mwaka ule ule, upande wetu

Mwaka huo wa 2004 una habari nyingine ya ini, na hii ni ya majirani zetu. Katika wilaya za Makueni na Kitui, mashariki mwa Kenya, watu walianza kuugua na macho kugeuka ya njano baada ya kula mahindi yaliyohifadhiwa yakiwa mabichi yakaota ukungu. Ukungu huo hutoa sumu iitwayo aflatoksini, ambayo hushambulia ini. Wagonjwa waliohesabiwa walikuwa 317, na kati yao 125 walifariki. Mwaka 2016 sumu hiyo hiyo iliua watu hapa kwetu, katika mikoa ya Dodoma na Manyara.

Tuziweke habari hizi mbili pamoja. Ini linaloshindwa ghafla ndilo hasa ambalo mashine zile zilibuniwa kulisaidia. Mwaka mmoja, taarifa ya jaribio la mashine kwa wagonjwa 171 wa Marekani na Ulaya ilitolewa, na wagonjwa 317 wa Kenya waliugua kwa unga wa ugali. Tiba iliyohitajika Makueni haikuwa mashine. Ilikuwa turubai la kuanikia, ghala kavu, na mtu wa kupima mahindi kabla hayajafika sokoni. Jambo hilo linamhusu mkazi wa Dar es Salaam moja kwa moja. Soko la Tandale, wilayani Kinondoni, hupokea mahindi kutoka mikoa mingi ya bara, na kiroba cha unga tunachonunua dukani hakituambii mahindi yake yalianikwa wapi.

Watafiti waliandika kuhusu Makueni, na kazi zao zinasomwa na wataalamu wa chakula na wa afya ya jamii. Lakini mtu anayetafuta makala za ini bandia hatazikuta, kwa kuwa ziko kwenye kabati jingine la maktaba. Ramani ya machapisho huchorwa kwa jina la kitu unachokitafuta. Ukitafuta mashine, utapewa nchi zenye mashine. Ukitafuta chanzo cha ugonjwa, ramani hubadilika.

Nani huandika, nani huhesabiwa

Katika ramani ya ini bandia, Marekani na Uchina ndizo zinazojitokeza zaidi, pamoja na nchi za Ulaya kama Ujerumani. Uchina inatufundisha jambo. Huko, kama kwetu, homa ya ini aina ya B ndiyo chanzo kikubwa cha ini kushindwa kufanya kazi. Madaktari wa Hangzhou wakiongozwa na Profesa Li Lanjuan walitumia miongo kadhaa kuunganisha ubadilishaji wa plazma na mbinu nyingine za kuchuja damu, wakaieneza huduma hiyo katika hospitali nyingi na kuandika walichokiona. Kwa hiyo si kweli kwamba utafiti huu ni wa magonjwa ya wengine. Ugonjwa ni ule ule. Kinachotofautiana ni maabara, vitanda vya wagonjwa mahututi, fedha, na idadi ya watu wenye muda wa kuandika.

Hapa ndipo penye jambo kuu tunalotaka msomaji alishike: nukuu huhesabu waandishi, haihesabu wagonjwa. Fani yenye waandishi wengi itakuwa na nukuu nyingi, kwa sababu wanaonukuu ni waandishi wenzao. Ugonjwa wenye wagonjwa wengi na waandishi wachache utaonekana mdogo kwenye kanzidata, ingawa wodini ni mkubwa.

Dar es Salaam ina makala zake. Mwaka 2006 Mecky Matee, Pius Magesa na Eligius Lyamuya walichapisha katika jarida la BMC Public Health uchunguzi wa wachangiaji damu 1,599 wa Hospitali ya Taifa Muhimbili, waliochangia kati ya Aprili 2004 na Mei 2005. Walikuta asilimia 8.8 wana virusi vya homa ya ini aina ya B, asilimia 1.5 wana dalili za aina ya C, na asilimia 3.8 wana virusi vya Ukimwi. Yaani katika damu iliyoletwa na watu waliojiona wazima, homa ya ini aina ya B ilikuwa mara mbili na zaidi ya Ukimwi. Makala hiyo ni fupi, haina mashine, na jarida lake husomwa bila malipo. Watafiti wa nchi nyingine za Afrika wanaopima damu ya wachangiaji huirejea. Sasa kumbuka lile tulilosema kuhusu plazma: hata njia nyepesi kuliko zote za kulisaidia ini inasimama juu ya damu salama, na makala hii ndiyo inayozungumzia damu salama.

Upo mfano mwingine. Kliniki ya methadoni kwa waathirika wa dawa za kulevya ilifunguliwa Muhimbili mwaka 2011, kisha huduma hiyo ikafika Mwananyamala na Temeke. Kupitia huduma hizo watafiti waliweza kuchunguza homa ya ini aina ya C kwa watu wanaojidunga sindano, na matokeo kuhusu safari yao ya kupimwa na kutibiwa yalichapishwa mwaka 2018. Homa hiyo ya C siku hizi huponywa kwa vidonge vya majuma kumi na mawili hivi. Kwa mtu wa Mwananyamala, kujua ni wagonjwa wangapi hukwama kabla hawajavifikia vidonge hivyo kuna faida kuliko makala mia za mashine asiyoweza kuiona.

Ni kweli pia kwamba sehemu ya maandishi yetu haihesabiwi kabisa. Kanzidata kubwa haziingizi majarida yote ya Afrika Mashariki. Daktari wa wilaya anayeandika katika jarida la nyumbani anaweza kusomwa na wenzake na kubadilisha utaratibu wa wodi yao bila kuongeza hata nukuu moja kwenye mizani ya dunia. Jitihada zipo. Tangu mwaka 1998 upo mtandao wa majarida ya Afrika uitwao AJOL unaoyaweka mahali pamoja yaonekane, na tangu mwaka 2002 mpango wa Hinari wa Shirika la Afya Duniani huviwezesha vyuo na hospitali za nchi kama yetu kusoma majarida ya bei kubwa bure au kwa gharama ndogo. Kusoma kumerahisishwa, lakini kuhesabiwa bado kunachelewa.

Maswali ya kuuliza kabla ya kuuza kiwanja

Mpendwa msomaji, hatusemi namba za nukuu hazina maana. Makala ambayo haijatajwa na yeyote kwa miaka ishirini nayo inatia shaka. Tunasema namba hiyo ni mlango wa kuingilia tu. Ukiletewa makala ya tiba, uliza yafuatayo, na kama Kiingereza ni kigumu, mwombe daktari au mwalimu aliye karibu akusaidie kuyajibu.

Kwanza, makala ni ya mwaka gani? Makala ya zamani imekuwa na muda mrefu wa kukusanya nukuu. Yenye nukuu kumi ya mwaka jana inaweza kuwa na uzito kuliko yenye mia tano ya miaka ishirini iliyopita.

Pili, ni ya aina gani? Zipo makala za maabara, za wanyama, za majaribio kwa wagonjwa, na za muhtasari zinazokusanya kazi za wengine. Za muhtasari hunukuliwa sana kwa sababu ni rahisi kuzirejea, si kwa sababu zimegundua kitu.

Tatu, wagonjwa walikuwa wangapi, na walilinganishwa na nani? Taarifa ya wagonjwa watano waliopata nafuu haituambii kama wangepata nafuu hata bila mashine.

Nne, walikuwa wagonjwa wa namna gani? Ini lililoshindwa ghafla kwa mtu aliyekuwa mzima ni tofauti na ini lililojaa makovu ya miaka. Tiba iliyomfaa wa kwanza inaweza isimfae wa pili.

Tano, waliofuata wamesema nini? Fungua angalau makala mbili tatu zilizoinukuu, zilizo mpya kuliko zote, uone kama wanaiunga mkono au wanaeleza ilivyoshindwa.

Sita, tiba hiyo inahitaji nini kingine? Kama mashine ni daraja, ng'ambo yake iko wapi, ni nani atakayetoa ini, na mgonjwa anaweza kusafiri?

Tulivyorudi Mbagala

Tuliporudi tulikaa na familia na kuyapitia maswali hayo moja moja. Hatukumwambia baba mdogo kwamba amekosea. Tulimwonyesha jedwali la asilimia 71 na 62, tukamweleza makala zilizofuata zilisema nini. Kisha tulimsindikiza kwa daktari wa kijana wake, ambaye alimwambia kwa upole kwamba ini la kijana lilikuwa limechelewa, na kwamba safari yenyewe ingeweza kummaliza njiani. Daktari akauliza swali ambalo hakuna aliyekuwa ameliuliza kwenye lile kundi la WhatsApp: watu wengine wa nyumba hii wamepimwa?

Kijana alifariki mwezi uliofuata, akiwa na mama yake kando. Kabla ya arobaini, mjane na ndugu wote wa tumbo moja walikwenda kupima. Mmoja alikutwa na virusi, bado ini lake halijaharibika, na sasa anahudhuria kliniki. Zipo dawa za kumeza kila siku zinazovituliza virusi vya B, na mojawapo, tenofovir, ndiyo hiyo hiyo iliyomo katika vidonge vingi vya Ukimwi. Mjane hakuwa na virusi, akaanza chanjo: sindano ya kwanza, ya pili baada ya mwezi mmoja, ya tatu mwezi wa sita. Mdogo wao wa mwisho alizaliwa baada ya mwaka 2002, mwaka ambao Tanzania iliingiza chanjo ya homa ya ini aina ya B katika chanjo za watoto wachanga. Mama alitafuta kadi yake ya kliniki kwenye sanduku, akaikuta. Sindano zote tatu zilikuwa zimeandikwa.

Kiwanja cha Chamazi hakikuuzwa. Mara ya mwisho tulipopita, mjane alikuwa amekwisha kupeleka tripu mbili za mchanga.